Jinsi ya Kukusanya Dola za Fedha za Marekani Bila Kuziharibu

Kila baada ya wiki chache naletewa picha kwenye simu na mtu wa Unguja, Tanga au Mombasa, na maneno ni yale yale: "Kaka, nimekuta dola ya zamani ya Kimarekani kwenye sanduku la marehemu bibi. Itauzwa bei gani?" Nikiifungua picha namwona mama wa kifua kipana mwenye ushungi, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Hiyo si ya Kimarekani. Ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye mwaka 1780 hata kama ilipigwa chapa miaka mia baadaye. Ni sarafu nzuri sana na inafaa kutunzwa, ila ni habari nyingine.

Mkanganyiko huo una asili yake. Reale ndiyo iliyokuwa fedha ya biashara pwani yetu karne ya 19, na neno "dola" limezaliwa na jina la sarafu hizo hizo za Ulaya, taler, zilizoanzia bonde la Joachimsthal huko Bohemia. Wamarekani nao walikuwa bandarini Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani, wakarudi na pembe, karafuu na sandarusi. Mwaka 1833 mjumbe wao Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan kule Maskati, na mwaka 1835 akarudi na zawadi, ndani yake seti ya sarafu za Marekani. Katika seti hiyo ilikuwemo dola iliyoandikwa 1804. Dola zenye mwaka huo ni chache mno duniani. Ile inayoaminika kuwa ilikuwa ya Sayyid Said iliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa dola milioni 4.14, kisha mwaka 2021 kwa dola milioni 7.68. Kwa hiyo mtawala wa Unguja aliwahi kuwa na sarafu ambayo matajiri wa Marekani wanaigombania leo. Mimi habari hii ndiyo iliyonivuta kwenye kazi hii nilipohamia Ohio, na sijaiacha.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayeanza, awe yuko Marekani au nyumbani.

Hatua ya kwanza: chagua dola gani unaitaka

Dola za fedha za Marekani zilianza mwaka 1794, zikapigwa 1,758 tu mwaka ule. Hizo za mwanzo mwachie mwenye mali. Zipo pia za Liberty, yule mwanamke anayewakilisha uhuru, akiwa ameketi, 1840 hadi 1873, na zile zinazoitwa Trade Dollar, zilizoanza 1873 kwa ajili ya biashara ya China. Nyingi kati ya hizi za pili zina alama ndogo za mihuri ya wafanyabiashara wa Kichina waliozihakiki. Napenda kuzitazama, lakini simshauri mgeni aanzie hapo, maana za bandia zimejaa kila kona.

Anza na mbili hizi: Morgan na Peace.

Morgan ilipigwa 1878 hadi 1904, halafu mara moja tena 1921. Imepewa jina la aliyeichora, George T. Morgan, Mwingereza aliyezaliwa Birmingham na kuajiriwa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia mwaka 1876. Uso wa Liberty aliuchora kwa kumtazama mwalimu mmoja wa Philadelphia, Anna Willess Williams. Peace ilikuja mwisho wa 1921 kuadhimisha amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikapigwa hadi 1928, kisha 1934 na 1935. Mchoraji wake ni Anthony de Francisci, na sura ni ya mkewe Teresa.

Kwa nini Morgan ni nyingi kiasi kwamba hata mtu wa mshahara mdogo anaweza kuipata? Migodi ya fedha ya Nevada ilikuwa imefurika, na sheria ya Bland-Allison ya 1878 iliilazimisha Hazina kununua fedha ya kati ya dola milioni 2 na 4 kila mwezi na kuifanya dola. Wananchi wa mashariki ya Marekani hawakuzitaka, ni nzito mfukoni. Zikalala kwenye ghala ndani ya magunia, kila gunia sarafu 1,000, uzito wake karibu kilo 27. Ndiyo maana leo unaweza kushika sarafu ya 1881 ambayo haijawahi kununua hata mkate.

Kisha sheria ya Pittman ya 1918 ikaruhusu ziyeyushwe. Ziliyeyushwa zaidi ya milioni 270, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ikauzwa kwa Uingereza, ikapelekwa India kwa ajili ya rupia, wakati ambapo rupia hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikitumika sokoni Mombasa na Kampala. Hakuna aliyeandika ni miaka ipi iliyoingia tanuruni. Kwa hiyo ukisoma kwamba mwaka fulani zilipigwa milioni kadhaa, usidhani ndizo zilizopo.

Malengo yawe madogo. Ninachopendekeza ni Morgan tano, moja kutoka kila kiwanda kilichowahi kuipiga. Zikikamilika na hamu ikawa bado ipo, ingia kwenye seti nzima ya Peace. Ni sarafu 24 tu ukihesabu kila mwaka na kila kiwanda, tofauti na Morgan ambazo ni zaidi ya 90.

Hatua ya pili: soma herufi ndogo

Geuza Morgan upande wa tai. Chini ya shada la majani, juu kidogo ya herufi D na O za neno DOLLAR, kuna alama ya kiwanda. Kama hamna kitu, imepigwa Philadelphia. S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City kule Nevada, D ni Denver, na D hiyo utaikuta kwenye ya 1921 peke yake. Kwenye Peace, tazama chini ya neno ONE, karibu na ncha ya bawa la tai.

Herufi hiyo moja inaweza kugeuza kila kitu. Morgan ya 1921 isiyo na alama zilipigwa milioni 44 na zaidi, hiyo utaipata popote. Ya 1893 yenye S zilipigwa 100,000 tu, na hata iliyochakaa inauzwa kwa maelfu ya dola. Ya 1889 yenye CC, 350,000, nayo ni ghali. Upande wa Peace, ya 1928 isiyo na alama ndiyo iliyopigwa chache kuliko zote, 360,649. Ya 1921 ina michoro iliyoinuka sana, na mwaka uliofuata wakaipunguza kwa sababu chapa za chuma zilikuwa zikipasuka.

Lakini uchache nao hubadilika, na ni vizuri ulijue hili kabla ya kutoa pesa nyingi. Mpaka 1962 watu waliamini kwamba Morgan ya 1903 ya New Orleans ndiyo adimu kuliko zote za mfululizo ule, na kwenye orodha za bei iliandikwa dola 1,500. Mwezi Novemba mwaka huo Hazina ikafungua ghala la zamani Philadelphia, yakatoka magunia kwa magunia ya 1903-O. Bei ikaporomoka ndani ya majuma machache. Walioinunua wiki moja kabla walibaki wanatazamana.

Hatua ya tatu: zana

Huhitaji nyingi. Kioo cha kukuzia cha mara 5 au 10, mizani inayopima mpaka sehemu ya mia ya gramu kama ile ya sonara, kalipa ya kupimia kipenyo, sumaku, na taa ya mezani yenye balbu moja isiyo na kifuniko cheupe. Taa ndiyo muhimu kuliko wanavyofikiri wengi. Mwanga uliotawanyika, kama wa dukani, huficha makosa.

Na kitambaa laini cha kutandika mezani. Sarafu ikianguka kwenye sakafu ya saruji imekwisha.

Hatua ya nne: zoeza jicho lako kabla ya kununua

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka, na hapa ndipo pesa inapopotelea. Ukinunua kabla hujajua kuona, unanunua maneno ya muuzaji.

Shika sarafu kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, usiguse uso wake. Ilaze chini ya taa kisha iinamishe taratibu huku na huku. Sarafu ambayo haijatumika itaonyesha miale miwili mitatu ya mwanga inayozunguka juu ya uso wake, kama njiti za gurudumu la baiskeli mtu anapopita nayo juani. Mwanga huo hautokani na rangi wala dawa yoyote. Fedha ilipobanwa kati ya chapa mbili ilitambaa kutoka katikati kwenda pembeni, ikaacha mifereji midogo mno isiyoonekana kwa macho, na mifereji hiyo ndiyo inayorudisha mwanga kwa mpangilio. Ukiisugua mara moja tu, imekatika na hairudi.

Mara ya kwanza niliiona kwenye 1881-S, katika onyesho dogo la sarafu lililofanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Mzee aliyekuwa na meza aliniwekea sarafu tatu mbele yangu bila kusema ni ipi nzuri. Akaniambia nichukue muda wangu. Nilikaa pale karibu nusu saa. Ile ya tatu ilipogeuka chini ya taa, mwanga ulipita kwenye shavu la Liberty, ukashuka shingoni, ukarudi kwa nyuma ya kofia, na zile mbili nyingine zikaonekana kama bati. San Francisco ya 1879 hadi 1882 ndivyo zilivyo. Zilipigwa kwa ustadi mkubwa, na kwa kuwa zipo nyingi, bei yake bado ni ya kibinadamu. Ukitaka mwalimu wa jicho lako, nunua moja kati ya hizo.

Sasa tafuta mchakao. Kwenye Morgan unaanzia nywele zilizo juu ya sikio, shavu, na majani ya pamba kwenye kilemba chake. Kwa nyuma unaanzia kifua cha tai. Kwenye Peace tazama nywele zinazozunguka uso, na bawa la tai. Za New Orleans zitakusumbua, maana nyingi zilipigwa kwa nguvu ndogo na nywele juu ya sikio zimekuwa bapa tangu siku ya kwanza. Namna ya kutofautisha ni kurudi kwenye ule mwanga. Kama mahali bapa bado pana mng'ao unaozunguka, ni chapa hafifu. Kama pamekuwa pa kijivu na mwanga unakatika hapo, ni mikono ya watu.

Alama za kugongana usizichukie. Sarafu zilitupwa kwenye magunia zikasafirishwa kwa mikokoteni na treni, kwa hiyo shavu la Liberty karibu kila mara lina mikwaruzo midogo. Chache ni kawaida. Nyingi, na hasa katikati ya shavu, zinashusha daraja.

Madaraja yanapimwa kwa namba 1 hadi 70, na 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikutumika. Watu wa kazi hii huandika VF-20, EF-40, AU-50, MS-63, MS-65; VF, EF na AU ni zilizotumika, MS ni ambazo hazikutumika. Usijitaabishe kuyakariri siku ya kwanza. Ila elewa kwamba pengo la namba moja laweza kuwa pengo la bei kubwa. Mfano wa kutisha ni 1884-S. Iliyochakaa unaipata kwa bei ya kawaida, lakini ile ambayo haikutumika ni ya makumi ya maelfu ya dola. Mtu akikuuzia 1884-S "mpya kabisa" mezani kwake bila cheti, toka hapo.

Hatua ya tano: usisafishe. Usisafishe kabisa.

Bibi yangu Tanga alisafisha bangili zake kwa ndimu na majivu ya jikoni, kila mwaka kabla ya Idi. Zilitoka zinang'aa kama maji. Basi dola yangu ya kwanza, iliyokuwa na rangi ya samawati na dhahabu iliyokolea ukingoni na kufifia kuelekea katikati, niliifanyia hivyo hivyo, nikiwa na nia njema kabisa ya kuipendezesha. Ilitoka nyeupe. Nilipompelekea muuza sarafu, aliigeuza mara moja tu chini ya taa akairudisha mezani, akasema bei yake sasa ni ya fedha iliyomo. Mwanga haukuzunguka tena. Ulimeta tu, kila mahali sawasawa, na kwa kioo niliona mistari elfu moja myembamba imelala upande mmoja.

Rangi ile niliyoiona kama uchafu ni utando unaojengwa polepole na salfa iliyo hewani, na baadhi ya wakusanyaji huilipia zaidi ikiwa ya asili na ya kupendeza. Kwa hiyo ndimu, ukwaju, majivu, magadi, dawa ya meno, dawa ya kung'arishia vyombo, kitambaa cha sonara, vyote viweke mbali. Mtu akikuambia atakusafishia bure, mshukuru na uondoke na sarafu yako.

Kitu kimoja tu kinaruhusiwa: asetoni safi ya dukani kwa wauza kemikali, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato. Inayeyusha mafuta na gundi bila kugusa fedha. Tumbukiza, subiri, toa, acha ikauke yenyewe bila kufuta. Fanya hivyo mahali penye hewa na mbali na moto.

Hatua ya sita: ijue ya bandia

Vipimo vya Morgan na Peace ni sawa: gramu 26.73, kipenyo milimita 38.1, fedha asilimia 90 na shaba 10. Iliyochakaa sana hupungua uzito kidogo. Ikiwa gramu 23 au 18, huna haja ya kuendelea. Sumaku isiivute hata kidogo, ingawa kutovutwa peke yake hakuthibitishi kitu, kwa sababu shaba nayo haivutwi.

Kuna kipimo cha maji ambacho nakipenda kwa kuwa kinagharimu kikombe na uzi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa dola halali itakuwa karibu gramu 2.6. Ya shaba au shaba nyeupe yenye uzito ule ule itasoma 3 au zaidi. Baada ya hapo ikaushe kwa kuibonyeza kwenye kitambaa, usisugue. Sarafu isiyotumika na yenye mng'ao mzuri usiitumbukize; hiyo ipime kwa njia nyingine.

Kabla ya vipimo vyote, soma mwaka na herufi. Kijana mmoja wa Dar aliniletea picha ya Morgan ya 1888-CC aliyotaka kuinunua kwa mshahara wa mwezi mzima. Nilimwambia asome tena mwaka. Carson City haikupiga dola yoyote 1886, 1887 wala 1888, na baada ya 1893 haikupiga tena. Sarafu hiyo haiwezi kuwepo. Hali kadhalika D kwenye Morgan yoyote ya zamani isiyo ya 1921, na Peace ya mwaka wowote kati ya 1929 na 1933. Ya 1895 ya Philadelphia inajulikana kwa zile 880 za kuonyeshea tu, ambazo ni ghali mno, kwa hiyo ukiiona gulioni ujue jibu. Na 1804 hata usiulize.

Ujanja mbaya zaidi ni wa kuchukua sarafu halali na kuiongezea herufi. Hapo uzito ni sahihi, fedha ni sahihi, kila kipimo kinapita. Mtu anachukua 1893 ya Philadelphia anabandika S. Chunguza kwa kioo miguu ya herufi: iliyopigwa kiwandani imeota kutoka kwenye uso wenyewe, iliyobandikwa ina mstari au kivuli kuizunguka. Kwa 1893-S kuna ishara nyingine. Halali zimetoka kwenye chapa moja ya upande wa kichwa, na chapa hiyo ilikuwa na mkwaruzo: kijistari kidogo kilichoinuka na kulala mshazari juu ya herufi T ya neno LIBERTY. Kama T ni safi kabisa, weka pesa yako mfukoni.

Hatua ya saba: kununua

Piga hesabu ya fedha kwanza. Kila dola ina aunsi 0.7734 ya fedha halisi. Tuseme bei ya aunsi sokoni ni dola 30. Zidisha, unapata dola 23 na senti 20. Weka bei ya siku hiyo na utajua sakafu iko wapi. Ya mwaka wa kawaida iliyochakaa huuzwa juu kidogo tu ya hapo. Ukiiona inauzwa chini ya sakafu na muuzaji ana haraka, jiulize kwa nini.

Sarafu yoyote ya gharama kwako, kiwango ukiweke mwenyewe, inunue ikiwa ndani ya kasha la PCGS au NGC. Hizi ni kampuni zilizoanza kazi ya kuhakiki na kupanga madaraja 1986 na 1987. Kasha lina namba. Iingize namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kulipa, ulinganishe picha na sarafu mkononi alama kwa alama, kwa sababu makasha nayo huigizwa. Ukiona neno Details kwenye lebo, sarafu ni halali lakini imesafishwa au imeumizwa, na bei lazima ishuke.

Aliye Marekani aende kwenye maonyesho ya sarafu ya mtaani kwake. Chama cha American Numismatic Association, kilichoanzishwa 1891 na chenye makao Colorado Springs, kinaorodhesha vilabu na maonyesho. Nenda mara mbili bila kununua. Wazee wa meza zile wanapenda kuulizwa, na mtu anayeuliza vizuri huonyeshwa sarafu ambazo haziko mezani. Minadani kumbuka kuna ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, huweza kufika asilimia 20 au kupita, kwa hiyo ihesabu kabla hujanyoosha mkono.

Aliye nyumbani ana njia ndefu zaidi. Uliza forodha kiwango cha ushuru kabla ya kuagiza, na umuulize msafirishaji kama anakubali sarafu na kama anaziwekea bima, kwani wengine hawazikubali. Njia ninayoiona salama ni ndugu au rafiki anayekuja, akiwa na risiti. Na usichanganye za zamani na Morgan na Peace mpya zilizoanza kupigwa tena 2021. Hizo ni fedha ya 999, ni nzuri kwa zawadi, lakini si za historia hii.

Hatua ya nane: kuhifadhi penye joto na chumvi

Anayeishi Pwani ana adui wawili, unyevu na hewa ya bahari. Tumia kapsuli ngumu za kipimo cha milimita 38, au vikadi vyenye dirisha la plastiki ya Mylar. Vile vifuko laini vyenye harufu ya plastiki mpya ni vya PVC. Baada ya mwaka mmoja miwili vinatoa ute wa kijani unaokula fedha. Raba za kufungia, karatasi za gazeti, mbao mbichi na kabati la jikoni, vyote vinaweza kuidhuru fedha. Weka kapsuli kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafaa mwanzo, na uvibadilishe kila baada ya miezi michache.

Usiwaonyeshe watu wote mahali unapoziweka.

Hatua ya tisa: daftari

Andika siku ile ile unayonunua. Kumbukumbu ya bei hupotea haraka kuliko risiti. Ukurasa wangu mmoja uko hivi: "1882-O. Columbus, Machi 2016, dola 31. Gramu 26.71. Sikio limepigwa hafifu, mng'ao kamili, mkwaruzo mmoja chini ya jicho, rangi ya asali ukingoni saa mbili mpaka saa tano. Haijasafishwa." Ukiwa na picha ya pande zote mbili iliyopigwa chini ya taa ile ile, hakuna atakayekubadilishia sarafu ukaikosa kuitambua.

Andika pia nani apigiwe simu siku ambayo wewe hutakuwepo, na bei ya chini ambayo warithi wasikubali kushuka. Nimewahi kuona sanduku zima la Morgan likiuzwa kwa uzito, zikiwemo CC nne, kwa sababu mwenye nazo hakuacha hata mstari mmoja. Nakala ya daftari langu iko kwa mdogo wangu Tanga, na ukurasa wa kwanza nimeandika kwa kalamu nyekundu: zisioshwe.